Mbu wa Kisumu na Seva Iliyokufa

Mhariri ameniomba niandike kidogo kuhusu kazi tulizokuwa tunafanya enzi zetu tukiwa wanafunzi hapa Uingereza. Nadhani alitegemea niandike habari za kubeba boksi. Boksi nimebeba, siwezi kukana, na mgongo wangu ni shahidi. Lakini kazi iliyonikosesha usingizi haikuwa ya boksi. Ilikuwa ya ndani, kwenye joto, ya kukaa mbele ya kompyuta, ile ambayo ukiwapigia nyumbani simu wanasema "sasa mwanetu umepata".

Mwaka 2008 nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, na kwa saa chache kila wiki nilikuwa msaidizi katika chumba cha seva cha idara moja ya chuo. Nilikuwa nimerithi kazi ile kutoka kwa Mtanzania mwenzetu, kijana wa Mwanza, ambaye alimaliza masomo akarudi Bongo. Aliniachia ufunguo wa kabati, sweta moja (chumba cha seva kina baridi kuliko nje), na maneno haya: "Usiguse kitu usichokijua." Basi.

Kwa wasiofahamu, nieleze kidogo. Zamani kila kazi ilikuwa na kompyuta yake: seva ya barua pepe peke yake, ya mafaili peke yake, ya tovuti peke yake, na nyingi zimekaa bure sehemu kubwa ya siku. Halafu zikaja programu za kuiwezesha seva moja kubwa kubeba mashine nyingi za kufikirika, ambazo nitaziita mashine pepe. Kila moja inajiona ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake, kumbe ni wapangaji wa nyumba moja. Ile seva kubwa sisi tulikuwa tunaiita hosti. Idara yetu ilikuwa na hosti nne, zote zinaendesha VMware ESX 3.5, na diski za wapangaji hazikuwa ndani ya hosti. Zilikuwa kwenye ghala moja la diski ambalo hosti zote nne zinaliona.

Halafu kulikuwa na kompyuta ya tano, ndogo, yenye programu inayoitwa VirtualCenter, ambayo tangu 2009 inaitwa vCenter. Hiyo haibebi mpangaji yeyote. Kazi yake ni kama ya mjumbe wa nyumba kumi: ana daftari. Anajua nani anakaa nyumba ipi, nani anaruhusiwa kuingia wapi, nani ahamishwe kutoka nyumba hii kwenda ile. Ukitaka kuwasha mashine, humwendei mwenye nyumba, unapitia kwa mjumbe. Ukishazoea hivyo unasahau kabisa kwamba nyumba zina milango yake yenyewe.

Sasa tuje kwenye wiki yenyewe. Jumatatu tarehe 3 Novemba bosi alinipa karatasi yenye majina ya folda sita zilizokuwa kwenye ghala la diski. Akasema ni takataka za zamani, nafasi imekuwa finyu, nizifute kabla ya wiki kwisha, yeye anakwenda likizo Hispania. Folda ya kwanza, na kubwa kuliko zote, iliitwa test2. Nikasema sawa, nitafuta Jumatano.

Mnaokumbuka tarehe mtakuwa mmeshaelewa kilichotokea. Jumanne tarehe 4 Novemba Marekani walikuwa wanapiga kura. Sisi tulikusanyika kwenye flati ya Wakenya, watu kama ishirini, sebule ya watu wanne, chapati na kuku, simu zinalia kutoka Nairobi na Dar. Saa kumi alfajiri kwa saa za Uingereza wakatangaza Obama ameshinda. Jamani, niache nisieleze. Kenya walipewa siku ya mapumziko Alhamisi yake, tarehe 6. Mimi nilijipa ya kwangu Jumatano. Sikwenda kazini, sikufuta folda yoyote, nililala mpaka jioni. Alhamisi nilikuwa na vipindi, Ijumaa nikasema aah, Jumatatu ipo.

Jumamosi tarehe 8, asubuhi, simu ya zamu. Umeme umekatika kwenye kabati moja la seva. Bosi yuko Hispania, fundi mwingine yuko harusini na simu yake inaita tu. Nikachukua baiskeli.

Nilipofika umeme ulikuwa umerudi, lakini vitu viwili havikurudi nao. Cha kwanza ni hosti ya tatu: pawa saplai zote mbili kimya, taa hata moja haiwaki. Cha pili ni mjumbe mwenyewe, ile kompyuta ya VirtualCenter. Ilikuwa na diski tatu kwa mpango wa RAID 5, ambao unavumilia diski moja ikifa. Zilikuwa zimekufa mbili. Nakala ya akiba ya daftari lake ilikuwepo, ndiyo, kila usiku inatengenezwa vizuri kabisa, na inahifadhiwa kwenye diski zile zile. Ukiniuliza ni nani alipanga hivyo nitakujibu ni mtu ambaye alikusudia kulishughulikia baadaye. Wote tunamjua mtu huyo.

Jambo la kwanza nililojifunza siku ile, na nalisema polepole kwa sababu mtu akiwa na hofu halisikii: mjumbe akifa, wapangaji hawafi. Mashine zilizokuwa kwenye hosti zile tatu nzima ziliendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Barua pepe zilikuwa zinatembea. Tovuti ilikuwa inafunguka. Kilichopotea ni uwezo wetu wa kuziona zote pamoja na kuzihamisha. Hata ile huduma ya kuwasha upya mashine za hosti iliyokufa kwenye hosti nyingine haimtegemei mjumbe ikishapangwa, maana hosti zenyewe zinasikilizana. Ingekuwa imewashwa, mashine za hosti ya tatu zingekuwa zimeshaamka kwingine kabla sijafika. Lakini wiki ile bosi alikuwa anabadilisha nyaya za mtandao, akaizima ili hosti zisije zikadhani mwenzao amekufa. Kuiwasha tena akasahau.

Kwa hiyo kulikuwa na mashine pepe kadhaa zimelala. Ngapi? Zipi? Orodha ilikuwa kwa marehemu.

Nikataka kuingia kwenye hosti moja kwa moja kupitia akaunti ya root. Nywila iko wapi? Kwenye faili la nywila. Faili liko wapi? Kwenye seva ya mafaili. Na seva ya mafaili, niligundua baada ya kujaribu mara tatu kuifungua, ilikuwa mmoja wa wapangaji wa hosti ya tatu. Nilicheka peke yangu mle ndani kama kichaa. Ikabidi nimpigie bosi kule Hispania. Alipokea akiwa ufukweni, nasikia mawimbi, akanitajia herufi moja moja, mimi naandika kwenye kiganja. Leo nikiwa na timu yangu mwenyewe, nywila za namna hiyo zinakaa kwenye bahasha ya karatasi ndani ya sefu. Vijana wananicheka. Wacha wacheke.

Nikiwa katikati ya hayo simu yangu ikaita. Ni dada mmoja Mkenya wa Kisumu, aliyekuwa anamalizia uzamivu wake, mtu aliyetupikia sote chapati Jumanne ile.

"Mdogo wangu, mashine yangu imeenda wapi?"

"Mashine gani, dada?"

"Ile ya data. Ya mbu. Jana nilimwomba yule fundi aniwashie, ikawaka vizuri. Saa hii haipatikani."

Nikamwambia kuna tatizo la umeme, asijali. Akanyamaza kidogo. "Nisikilize. Zile fomu za karatasi zilikuwa kwa nyumba iliyochomwa Januari. Hakuna pengine. Usiniambie nisijali, niambie ukweli."

Wengi wenu mnakumbuka Kisumu ya Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba, hakuna haja ya kueleza. Nilichokuwa sikijui ni hicho: kwamba misimu mitatu ya kuhesabu mbu, nyumba kwa nyumba, mitego ya taa usiku kucha kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, karatasi zake zimeungua zote, na kilichobaki ni kile alichokwisha kuingiza kwenye kompyuta. Diski yake ya nje ilikuwa na nakala ya misimu miwili. Msimu wa tatu ulikuwa kwenye mashine pepe tu.

"Sijui, dada," nikamwambia. "Huo ndio ukweli. Nipe mpaka usiku."

Kazi yenyewe si ngumu ukiijua. Mashine pepe si uchawi, ni folda yenye mafaili. Kuna faili kubwa ambalo ndiyo diski yake, na kuna faili dogo la maandishi, jina lake linaishia na .vmx, linaloeleza mashine ina kumbukumbu kiasi gani, diski yake iko wapi, na jina lake nani. Hosti inamtambua mpangaji pale tu lile faili la .vmx linaposajiliwa kwake. Hosti ya tatu imekufa, lakini folda za wapangaji wake hazikuwa kwake, ziko kwenye ghala. Cha kufanya ni kuzisajili kwa hosti nyingine na kuziwasha.

Nikaketi kwenye kibodi ya pale kabatini. Kwa kila hosti nzima nikaandika vmware-cmd -l, nikapata orodha ya mashine zake zilizosajiliwa. Jumla 26. Kisha nikatafuta kwenye ghala zima kila faili linaloishia na .vmx. Yakatoka 41. Nikatoa moja kwa nyingine kwa kalamu na karatasi, kama mtoto wa darasa la tatu: 15 hazina mwenyewe. Kati ya hizo 15 kuna za hosti ya tatu, na kuna takataka halisi. Kuzitenganisha ndiyo shughuli.

Kulikuwa na majina yanayojieleza, kama la seva ya mafaili. Hayo nilianza nayo. Unasajili, unawasha, unasubiri. Ya kwanza ilifika asilimia 95 ikagoma. Nilikaa dakika kumi naitazama, jasho linanitoka kwenye ile baridi, nikidhani diski imeharibika. Kumbe mashine ilikuwa inasubiri kujibiwa swali, na swali lenyewe lilikuwa limejificha kwenye ukurasa mwingine: faili langu limebadilisha mahali tangu nilipowashwa mara ya mwisho, je nitengeneze utambulisho mpya au nibaki na ule wa zamani? Ubaki nao. Ukichagua mpya, programu yenye leseni iliyofungwa kwenye utambulisho wa zamani inaweza kukugomea kesho yake. Nikajibu, ikawaka. Nikaandika ukutani kwa kalamu ya risasi: 95 = KUNA SWALI. Nasikia iliendelea kuwepo mpaka walipopaka rangi.

Na msiogope kwamba mashine itawaka mara mbili, sehemu mbili. Hosti inayoendesha mashine inashikilia kufuli kwenye mafaili yake, na inalihuisha kila mara. Hosti ikifa kufuli haliihuishwi tena, nyingine inaruhusiwa kulichukua. Ikiwa bado iko hai, utakataliwa. Kwa hiyo ukikataliwa usilazimishe. Katafute nani bado ameishika.

Mpaka saa mbili usiku nilikuwa nimeamsha kumi. Mbu hawamo. Hakuna folda yenye jina la mbu, wala Kisumu, wala jina la dada. Zilibaki tano, na zote zilikuwa na majina ya ovyo ovyo. Nne kati yake zilikuwa kwenye karatasi ya bosi, ile ya kufuta. Ya tano niliifungua, ilikuwa tupu, ina .vmx tu na diski hakuna.

Nikaenda kwenye test2 bila matumaini. Nikafungua faili lake la .vmx nisome. Mstari mmoja ulisema displayName ni mbu-ksm. Na chini yake kulikuwa na mstari wa maelezo, yale ambayo mtu anaandika kwenye kisanduku cha kumbukumbu cha mashine. Yalikuwa kwa Kiswahili: "Usifute. Ni mbu wa dada wa Kisumu."

Niliyasoma mara tatu. Yule kijana wa Mwanza alikuwa ameitengeneza mashine kwa majaribio akaiita test2, halafu akampa dada, akaibadilisha jina. Lakini kwenye mfumo ule, ukibadilisha jina la mashine kwa mjumbe, folda kwenye ghala haibadiliki. Kwenye skrini ya mjumbe iliitwa mbu-ksm. Kwenye ghala ilibaki test2, jina la takataka. Bosi aliandika orodha yake kwa kutazama ghala. Na onyo liliandikwa kwa lugha ambayo mle ofisini mimi peke yangu ndiye ningeielewa, nami sikuwahi kuangalia.

Jumatano ile mashine ilikuwa imezimwa, dada alikuwa anaandika sura zake hana haja nayo. Ningeenda kazini, ningebonyeza kufuta, na mfumo usingenizuia, kwa sababu mashine iliyozimwa haina kufuli. Sijui nimshukuru Obama au usingizi.

Nikaisajili. Asilimia 95, nikajibu swali. Ikaanza kukagua diski yake yenyewe, ile skrini ya buluu ya Windows inayohesabu asilimia, na kila ikifika hatua mpya inarudi sifuri. Nilitoka nje nikanunua chipsi, sikula. Niliporudi ilikuwa imewaka. Nikampigia dada aingie mwenyewe. Nilisikia kibodi yake kwenye simu, halafu kimya, halafu akasema idadi ya safu za faili lake la Access, polepole, kama mtu anayehesabu hela. Akazirudia. Halafu akasema, "Mdogo wangu, kwenda ulale."

Mjumbe mpya tulimfunga siku ya Jumanne. Ilikuwa lazima tuharakishe, maana seva ya leseni ilikuwa kwenye kompyuta ile ile iliyokufa, na hosti zilikuwa na siku 14 tu za kuvumiliwa bila hiyo. Baada ya hapo zilizowashwa zinaendelea, lakini ikizimwa haiwaki tena. Daftari jipya lilikuwa tupu. Ukiliunganisha na hosti, wapangaji wanaonekana mara moja kwa sababu hosti zinawajua. Kilichopotea ni mafolda ya mpangilio, ruhusa za watumiaji na grafu za miezi kadhaa. Yale maelezo ya kwenye kisanduku cha kumbukumbu hayakupotea hata moja, kwa sababu hayakai kwa mjumbe, yanakaa kwenye faili la .vmx pamoja na mashine yenyewe. Tangu siku hiyo mimi huandika pale: ya nani, ya nini, nani aulizwe. Siku hizi naandika kwa Kiingereza pia.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Tangu toleo la 6.5 la mwaka 2016 vCenter inaweza kujitengenezea nakala yake na kuipeleka seva nyingine, kwa hiyo hakuna kisingizio. Tangu toleo la 7.0 la 2020 haifungwi tena kwenye Windows. Yenyewe kwa kawaida ni mashine pepe, yaani mjumbe ni mpangaji kwenye mojawapo ya nyumba anazozisimamia. Andika kwenye karatasi ni nyumba ipi. Na Broadcom walipoinunua VMware mwishoni mwa 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu, ofisi nyingi ndogo zilihamia Proxmox, ambako mjumbe hahitajiki, kila hosti ina nakala ya daftari zima kwenye /etc/pve. Huko shida ni akidi: hosti nyingi zikifa kwa pamoja, zilizobaki hazikuruhusu kuwasha kitu, kama kikao kisichotimia idadi. Kuna amri ya kuilazimisha ikubali uchache wake, pvecm expected 1. Usiiguse kabla hujakwenda kwa miguu yako kuhakikisha kwamba zile nyingine zimekufa kweli.

Dada alikuja Jumatatu ile na diski mbili mpya za nje. Akajaza zote mbili, moja akaondoka nayo, nyingine akanikabidhi mimi, akasema niiweke chini ya kitanda na nisimwambie mtu. Nilikaa nayo mpaka alipotetea tasnifu yake.

Kijana wa Mwanza nilimtafuta kwa kadi ya simu wiki iliyofuata, kadi ya pauni tano nzima, nimweleze yote: umeme, mjumbe, test2, maneno yake yaliyookoa uzamivu wa mtu. Laini ilikuwa mbaya, nusu ya maneno yanamezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniuliza, "Mbu gani hao, ndugu yangu?"